Mjane Aliyeletwa na Pikipiki

Naapa. Naapa kwa mkono huu wa kulia uliokula moshi miaka thelathini, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sijaongeza chumvi. Chumvi yote niliyokuwa nayo mwaka ule wa themanini na sita niliipaka kwenye mbavu za nguruwe, haikubaki hata punje ya kuweka kwenye maneno. Asiyeamini aje Makoko, hapa Musoma, aulizie kwa Thadeo wa samaki, nitamwonyesha pipa lenyewe. Siku hizi kuku wanatagia humo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Butiama niliyefuata samaki ziwani. Alfajiri nanunua sangara mwaloni Mwigobero, mchana nawakausha kwa moshi, siku za mnada nawapeleka Butiama na Bunda. Nilinuka moshi. Nilinuka moshi hata Jumapili nikiwa nimeoga mara mbili kwa kile kipande cha sabuni tulichokuwa tunagawana watu wanne. Mbu wote wa Makoko walijua chumba changu kilipo, na hakuna aliyethubutu kuingia. Wapangaji wenzangu walikuwa wananiomba nilale mlango wazi.

Na nilimpenda Hyasinta.

Hyasinta alikuwa binti pekee wa Mzee Wenceslaus, mstaafu mwenye heshima zake, aliyewapikia mapadri Wamarekani miaka ishirini na miwili. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, kwa hiyo alilelewa jikoni, ubavuni mwa baba yake, na alijua vyakula kwa pua kabla ya kuvijua kwa ulimi. Siku ya kwanza alipokuja mezani kwangu pale Mwigobero hakugusa samaki hata mmoja. Aliinama tu, akanusa.

"Huyu umemkausha kwa kuni za mkwaju," akasema. "Yule pale ni mavi ya ng'ombe. Unadanganya watu, kaka."

"Kuni zimepanda, dada."

"Basi mimi nipe wa mkwaju."

Akainua macho. Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayefunua sufuria kuona kama wali umeiva, akafunika. Lakini mvuke ulikuwa umeshatoka. Tangu siku ile sikukausha samaki kwa mavi ya ng'ombe tena maisha yangu yote, na hilo pia naliapia.

Mwaka mmoja na nusu tulipendana kwa kuibia, kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye foleni ya sukari. Nilipojikaza nikaenda kwa baba yake, nimevaa shati la kuazima, yule mzee aliniacha nimesimama uani mpaka kuku wakanizoea.

"Nasikia unamtaka binti yangu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Binti yangu haolewi na moshi. Kuna kijana wa Bunda, Apolinary, karani kwenye kiwanda cha pamba. Ana pikipiki. Kwao sukari haijakosekana hata mwaka ule sisi wengine tulikuwa tunakunywa chai kwa kuhadithiana. Wewe una nini?"

"Nina kazi, Mzee."

"Unajua kupika nini?"

"Nakaushaga."

"Nimekuuliza kupika."

Hapo ndipo shetani wangu, ambaye huwa hachelewi, alipofungua mdomo wangu.

"Niliwahi kuwakaushia Wazungu mbavu za nguruwe kwa moshi, Mzee. Kule Seronera, mbugani."

Seronera nilikuwa sijawahi kufika. Wazungu niliwajua kwa kuwaona kanisani.

Mzee Wenceslaus aliinuka kitini polepole. "Mbavu?"

"Mbavu."

"Tamu, au za chumvi?"

Nikaona ni mtego. "Zote mbili kwa pamoja, Mzee. Tamu inatangulia, chumvi inafuata."

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamekwenda mbali. "Miaka tisa," akasema, kama anaongea na ukuta. "Miaka tisa sijazila. Mapadri walipendaga kuzila nje, uani, wamekaa kwenye majani, wameshika kwa mikono kama sisi. Halafu sukari ikawa ya foleni, chumvi ikawa hadithi, na wao wakarudi kwao." Akavaa miwani tena. "Jumatatu ya Pasaka. Hapa hapa uani kwangu. Nitaalika jumuiya. Ukinipa mbavu zile, tutaongea kama mtu na mkwewe. Ukiniletea sangara mwenye umbo la mbavu, Jumapili inayofuata Apolinary analeta wazee wake. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Na Hyasinta anakwenda Bunda, kwa shangazi yake Dafroza. Sitaki awepo akikusaidia."

Tuliagana siku ya Matawi, nyuma ya kanisa, kila mmoja ameshika tawi lake. Watu walikuwa wanatoka, tukawa na dakika chache tu, na yeye hakuzitumia kulia.

"Sikiliza, usinitazame hivyo, sikiliza! Kesho asubuhi napelekwa Bunda, Manyamanyama kwa shangazi. Sukari guru unayo?"

"Nitaipata kwa watu wa magendo, Sirari mpakani."

"Iponde na chumvi, sawa kwa sawa. Kitunguu saumu, pilipili kichaa kidogo. Paka tangu Jumapili. Halafu maji ya ukwaju, kila zikianza kukauka unazinyunyizia. Baba anawekaga ukwaju. Kwa muda wa saa tano nzima, Thadeo, na moto usiwake. Ukiona mwali umeharibu. Mbavu hazichomwi, zinabembelezwa."

"Kama wewe."

"Acha ujinga. Ukizikosea naolewa na pikipiki."

Sauti yake ilikatika pale kwenye neno pikipiki, akageuka upande. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo likinijia napotea njia nikiwa nyumbani kwangu: akaushika mkono wa shati langu, akauweka puani, akavuta pumzi ndefu.

"Usibadilishe harufu," akasema. Akaenda.

*

Mbavu nilizipata Butiama kwa mjomba wangu Magige, pande mbili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Nilizifunga kwenye gunia nikazipakia kwenye baiskeli, na fisi mmoja akanifuata mchana kweupe karibu nusu ya njia. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatembea tu nyuma yangu kama mtu wa jumuiya aliyealikwa.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa uani kwa Mzee Wenceslaus kabla jua halijatoka. Pipa langu nilikuwa nimelikata juu, nikatandika wavu wa chuma, chini makaa na kuni za mkwaju, juu gunia lililolowana la kuzuia mwali. Saa kumi na mbili lori la magunia lililokuwa limelala jirani likawashwa kwenda Bunda. Utingo wake, Burito, alikuja kuniaga. Nikampa sangara mkavu, mkubwa, kwa kuwa ilikuwa Pasaka na mimi nina moyo wa kutoa.

Nilizibembeleza. Nilinyunyiza maji ya ukwaju, nikafunika, nikafunua, nikanyunyiza. Ilipofika saa nne upande mdogo ulikuwa umekuwa mwekundu wa udongo wa kichuguu, unang'aa, na nyama imeanza kurudi nyuma kwenye mifupa. Harufu ilivuka ziwa. Watu wa Ukerewe waliniambia baadaye kwamba siku ile walikula ugali mtupu bila kuona upungufu. Nilizifunga zile mbavu ndogo kwenye majani ya mgomba, nikaziweka ndani ya sufuria, nikafunika, nikaipeleka ndani ya nyumba. Upande mkubwa ulibaki kwenye pipa. Wageni walikuwa wameshaanza kukaa kwenye viti, kama watu ishirini, wanameza mate.

Saa nne na nusu ikanyesha.

Ninyi mnaoijua mvua ya Pasaka ya Musoma sina haja ya kuwaeleza. Haikudumu, lakini iliponyamaza kuni zangu za mkwaju zilikuwa zinaelea. Makaa yanazima. Upande mkubwa bado saa nzima. Nikazunguka uani kama mwendawazimu nikitafuta kuni kavu, na kuni kavu zilizokuwepo zilikuwa za aina moja tu: rundo la minyaa ya zamani chini ya paa la banda la mbuzi, ile Mzee aliyoikata alipobadilisha uzio.

Kwetu kila nyumba ina uzio wa mnyaa, na kila mtoto anajua maziwa yake yakiingia jichoni unalia mpaka kesho kutwa. Mimi nilijua. Lakini nilijiambia: huu umekauka miezi sita, maziwa yatatoka wapi? Nikajaza pipa. Ilikuwa saa tano kamili, maana redio ya Mzee ilikuwa inasema hivyo.

Moshi uliotoka haukuwa moshi. Ulikuwa mweupe, mzito, ukatambaa chini kama unatafuta mtu kwa jina. Wa kwanza kulia alikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Akatoa leso. Wa pili mkewe. Ndani ya dakika tano watu ishirini wazima walikuwa wameinamisha vichwa, makamasi yanatiririka, wengine wanajipiga mapaja. Mbwa wa Mzee alipiga chafya mara kumi na nne, akatoka getini na hakurudi mpaka Jumatano. Huko ziwani kiboko alikohoa. Nilimsikia.

"Thadeo, umetuwekea nini?" mtu akalia.

"Ni moshi tu, unapita!"

"Hauuupiti!"

Sasa fikiria upo nje ya uzio ule. Unaona viti vimepangwa uani. Unaona masufuria. Unaona moto wa asubuhi na mapema, na watu wa jumuiya wote wameinama wanalia. Utasema nini? Bibi Nyamburi, jirani, mwanamke wa miaka sabini ambaye hakuna aliyezikwa Makoko bila kilio chake, alichungulia mara moja tu. Akaweka mikono kichwani.

"Wenceslaus weeee! Umetuacha bila kutuaga!"

Wanawake wakatoka nyumba hadi nyumba. Wakaja na kuni, na madumu ya maji, na unga kwenye ungo, wakilia njia nzima, na wakiingia uani moshi unawapokea wanalia zaidi. Nusu saa haikupita, tulikuwa na msiba wa watu mia moja.

Mzee Wenceslaus alikuwa ndani anabadilisha shati. Alitoka mlangoni macho mekundu, machozi mpaka kidevuni.

"Nani amekufa kwangu?"

Bibi Nyamburi alikuwa amepiga magoti. Akainua uso. Akaachama.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe! Sasa mbona unaongea?"

Sijawahi kusikia watu mia wakinyamaza kwa pamoja namna ile. Mtu aliyekuwa ameshika ungo aliuachia, unga ukamwagika, na hakuna aliyeinama. Mzee alijishika kifua, akajipapasa mabega, kama mtu anayetafuta funguo. Nadhani kwa sekunde mbili tatu alianza kuamini.

Ndipo tukasikia pikipiki.

Ilikuja kwa mwendo wa hatari, imejaa tope mpaka taa. Aliyeendesha ni kijana mmoja mrefu, koti limeloa, simfahamu. Nyuma yake Hyasinta. Hana kitambaa kichwani. Kitenge amekifunga kiunoni, fundo la mbele, kama wanavyofunga wanawake waliofiwa na waume zao. Miguu mitupu. Aliruka kabla pikipiki haijasimama.

Mzee alinyoosha mikono, akidhani analiliwa yeye. "Mwanangu, nipo, mimi..."

Hyasinta alimpita kama nguzo.

"Mume wangu!" Sauti ile. Hata leo nikiwa peke yangu naisikia. "Thadeo mume wangu, umeniachia nani? Si uliniambia nisubiri? Si nimesubiri? Yuko wapi, nionyesheni, mmemlaza wapi mume wangu!"

Akaanguka magotini mbele ya pipa, pale pale kwenye moshi, akalikumbatia lile gunia lililokuwa juu yake.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nimejifunika uso kwa leso, nimeshika koleo. Mbele ya baba yake, mbele ya jumuiya nzima, ameniita mume mara tatu, na mimi nimesimama na koleo.

"Hyasinta," nikasema.

Akanyamaza. Akainua macho. Rangi yote ilimtoka usoni. Alisimama, akalizunguka pipa, akanishika mkono wa shati, akauweka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

Kisha akanizaba kofi ambalo lilisikika Mwigobero.

"Wewe ni mzima!"

"Ni mzima."

"Burito kaniambia umekufa!"

Ndivyo habari za misiba zinavyokimbiaga, ndugu msomaji. Mtu analia Makoko, Bunda wanachimba kaburi. Yeye alianza kucheka na kulia kwa pamoja, kichwa chake kikaanguka begani kwangu, na mimi nikamshika, watu mia wakitazama. Sikuona aibu. Sikuona chochote, kwa kweli, kwa sababu ya minyaa.

Yule kijana wa pikipiki alikohoa.

"Mzee Wenceslaus, shikamoo. Mimi ndiye Apolinary."

Jumuiya nzima ikasema "aaah" kwa sauti ya chini.

"Marahaba, baba," Mzee akajibu, sauti imekauka.

"Nilikuwa nimepita kwa Mama Dafroza kunywa chai. Binti yako akapata habari za msiba, akaniomba nimlete. Aliniambia ni ndugu. Kutoka Bunda mpaka hapa alilia mgongoni kwangu, mgongo mzima umelowa, nikadhani ni mvua." Akatutazama, mimi na yeye, na simsahau alivyotutazama. Hakukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta familia ngeni inakula. "Mzee, mimi siwezi kuoa mjane wa mtu aliye hai."

Akasukuma pikipiki. Bibi Nyamburi akamzuia. "Kula kwanza, mjukuu wangu. Hata kama msiba umeharibika, chakula kipo."

Halafu bibi akamgeukia Mzee. "Na wewe Wenceslaus, usijifanye huoni. Msichana amevua kitambaa. Amefunga fundo la mbele. Amemlilia mbele yetu kwa jina la mume. Sisi akina mama tuliopo hapa, nani kati yetu atakubali amlilie tena mwingine kama mume wake wa kwanza? Ameshaolewa huyu."

"Nyamburi, hapa ni kwangu."

"Ni kwako, na umefufuka, tunashukuru. Lakini nimesema."

Mzee Wenceslaus akavuta kiti. Akakaa. Akafuta miwani, ikajaa machozi tena, akaifuta tena. "Mbavu," akasema.

Upande mkubwa hata nzi hawakuugusa, tuliufukia. Lakini ile sufuria ya ndani ilikuwa salama. Nikamfungulia majani ya mgomba. Akachukua ubavu mmoja, akaunusa, akauma. Nyama ilitoka kwenye mfupa bila kuvutwa. Akatafuna taratibu, macho amefumba, na hata Apolinary alikuwa ameinama mbele.

"Za Seronera hizi?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Kuna ukwaju."

"Ndiyo, Mzee, Wazungu wanapendaga..."

"Mapadri hawakuujua ukwaju." Akafumbua macho. "Mapishi yao yalitaka ndimu. Ndimu zilipoadimika niliweka ukwaju kwa akili yangu mwenyewe, na dunia nzima nimemwonyesha mtu mmoja tu."

Hyasinta akatazama chini. Mimi nikatazama juu. Uso wangu ulikuwa wa moto kuliko pipa.

"Kwa hiyo hujawahi kufika Seronera."

"Hapana, Mzee."

"Na nyinyi wawili mmenizunguka."

"Ndiyo, Baba," Hyasinta akasema.

Mzee akauweka ule mfupa kwenye sahani kwa uangalifu, kama kitu kitakachohitajika tena. "Nimekusikia ukilia hivyo mara moja tu, Hyasinta. Ulikuwa na miaka tisa. Ulinipita hivyo hivyo, ukaenda kulishika jeneza la mama yako." Akaugeuza ule mfupa sahanini. "Leo nimesikia mara ya pili. Nilikuwa nakupangia pikipiki, na sukari, sikujua. Sitaki kuisikia mara ya tatu."

Akanisogezea sahani.

"Kula, mkwe wangu. Na hiyo minyaa, kesho unaipeleka mbali na kwangu."

*

Hapa ndipo hadithi ilipokuwa imalizike. Nilikuwa nimeshaweka nukta. Lakini Hyasinta, mke wangu wa miaka hii yote, huwa anasoma daftari langu kabla ya mtu mwingine, na Jumatatu mchana alilisoma barazani, miwani ya baba yake puani. Nilimsikia akicheka kwenye fisi. Nikamsikia akinyamaza kwenye jeneza. Halafu akarudisha kurasa nyuma. Sikupenda alivyorudisha kurasa nyuma.

"Baba Wensi."

"Naam, mama."

"Hapa umeandika lori la Burito liliondoka saa kumi na mbili."

"Ndiyo. Nakumbuka vizuri."

"Na hapa umeandika minyaa umeiwasha saa tano."

"Redio ilisema hivyo."

"Burito alifika Manyamanyama saa tatu. Tulikuwa tunakunywa chai, mimi na shangazi na yule Apolinary. Aliniita nyuma ya nyumba." Akavua miwani. "Alikuwa ameshika sangara mkavu mkubwa. Mimi nikadhani ni wa rambirambi."

Kuku alitoka kwenye pipa, akapita katikati yetu. Nilimshukuru, lakini hakukaa.

"Thadeo. Saa tatu, Makoko hakukuwa na moshi wa minyaa, wala kilio, wala mtu aliyekufa. Burito aliuona wapi msiba?"

"Unajua, siku hizo saa zilikuwa..."

"Ulimwambia aseme nini?"

"Kwamba naumwa."

"Thadeo."

"Naumwa sana."

"Thadeo!"

"Nimekufa," nikasema. "Nilimwambia aseme nimekufa. Niliogopa wazee wa Bunda wangefika kabla ya Jumapili. Nilitaka urudi tu, uwepo Mzee akionja. Minyaa haikuwa mpango wangu, hiyo naapa, minyaa ilikuwa ujinga tu."

Nilidhani atacheka. Miaka yote hiyo tumekuwa tukisimulia hadithi ile, wajukuu wanaijua kwa moyo, na yeye ndiye anayelia kwa kicheko kuliko wote. Hakucheka. Alinitazama kama alivyonitazama kwenye moshi ule, rangi imemtoka.

"Kuna mlima pale kabla ya kushuka darajani," akasema. "Pikipiki ilizimika pale. Nilishuka nikatapika. Nikamwambia Mungu anichukue na mimi." Akafunga daftari. "Na baba alinikabidhi kwako kwa sababu ya kilio kile. Amekufa akijua kilikuwa cha kweli."

"Kilikuwa cha kweli, Hyasinta."

"Cha kwangu ndiyo."

Sikuwa na la kusema. Mimi. Mtu wa fisi na kiboko.

Akakaa na daftari mapajani mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwetu. Kisha akatoa hukumu, na alipoitoa alikuwa ameshika daftari langu kama karani wa mahakama. Moja, niende kaburini kwa Mzee Wenceslaus nikamweleza kwa mdomo wangu, kwa sauti, bila kupamba. Mbili, Jumapili hii niite jumuiya nzima, na Apolinary mwenyewe, ambaye ni babu sasa na bado yupo Bunda, nisimame niwaambie. Tatu, mbavu. Pande nne. Mimi peke yangu, tangu kupaka mpaka kugawa, na yeye atakaa kwenye kiti kile cha baba yake.

Kaburini nimeshakwenda. Nilianza na habari za hali ya hewa, nikajikuta nimesimulia yote. Kuku nimewahamisha. Sasa ni Jumapili, saa tatu asubuhi, naandika mistari hii nimekaa kando ya pipa, na wageni wamekaa, na Apolinary ameshafika na fimbo yake. Nimeshawaambia. Bado wameachama.

Sasa hivi Hyasinta ameinuka kitini. Amekuja hadi hapa, hakusema neno. Ameushika mkono wa shati langu, akauweka puani, akavuta pumzi, akauachia.

"Nyunyiza ukwaju," amesema. "Zinakauka."

Nimenyunyiza. Machozi yananitoka, na leo siwezi kusingizia chochote. Kuni ni za mkwaju mtupu, na moto hauna hata mwali.